Bi Mwanakombo Hakuwa Yaya

Nimeipata rasimu ya kitabu chenu, wanangu. Mmeniomba niandike kurasa chache za kumbukumbu ya kazi, "maneno mazuri," mkasema, "ya kuwatia moyo vijana." Nikavaa miwani, nikajitilia kahawa, nikafunua. Picha zimetoka vizuri. Karatasi nzito, inang'aa. Nikafika pale mlipoinakili karatasi ya onyesho letu la zamani, lile la Mwaka Kogwa, na mstari wa mwisho kabisa unasema: "Shukrani kwa Bi Mwanakombo, yaya wa familia." Nikakifunga kitabu. Hiyo ilikuwa Jumatatu, leo Alkhamisi, na hasira haijanitoka. Maneno mazuri mtayatafuta kwa mtu mwingine.

Nyinyi siwalaumu. Mmenakili kilichoandikwa. Aliyeandika ni mimi.

Kwa msionijua, mimi ni Zuwena. Nilizaliwa Unguja, nikaja Maskati msichana, nikasomesha jiografia skuli ya wasichana mpaka nikastaafu. Hiyo ndiyo kazi iliyonilipa mshahara. Kazi yangu hasa ilikuwa ya alasiri, siku tatu kwa wiki, kwenye ukumbi wa klabu moja pale Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Tulicheza michezo ya kuigiza kwa Kiswahili, pamoja na watoto waliokuwa wakiona haya kukisema mbele ya wenzao. Wazee wenu wengine walipita mikononi mwangu. Kama baba yako leo anajua kusimama mbele ya watu bila kujikuna, nishukuru mimi.

Tulikuwa na nia moja. Nyumba zetu hizi zilizotoka Unguja zilijua sana habari za mababu. Baba wa baba wa baba, mpaka kijiji kule milimani, yote yamo kwenye daftari kwa wino mweusi. Ukiuliza bibi yake baba alikuwa nani, wa wapi, basi ghafla mtu anakumbuka kwamba chai inapoa. Wale mabibi walikuwa wa Makunduchi, wa Tumbatu, wa Pete, wenyewe wa kisiwa, waliokuwapo pale kabla babu yeyote hajashuka na mzigo wake. Walitulea, wakatufundisha kusema, na lugha tunayoizungumza majumbani ni yao. Kwenye daftari hawamo. Hilo lilinikera toka ujana wangu, na nilitaka watoto wawaingize wenyewe, kwa mchezo, kwa sababu mtoto akicheza mbele ya watu mzazi hatoki nje.

Sasa niwaambieni nilivyoanza, maana nilianza vibaya. Mimi mwalimu, nikafanya mambo ya kialimu. Nikapiga chapa karatasi ya maswali ishirini, kila mtoto akawaulize wazee wa nyumbani. Wakarudi na upuuzi. Mzee mmoja alimjibu mjukuu wake, "Tarikhi imeshaandikwa, kasome." Mwengine akatoa hotuba nzima ya namna alivyokutana na wakubwa, mtoto akaijaza kurasa saba na kalamu ikamwishia wino. Hakuna hata mmoja aliyetaja mwanamke.

Aliyeniokoa ni Ami Haroub. Huyu alikuwa seremala, na Unguja alikuwa akitengeneza majukwaa na kuigiza yeye mwenyewe, mara nyingi sehemu za wake wakorofi. Kwetu alikuwa fundi wa kila kitu. Akazisoma zile karatasi zangu, akacheka mpaka akakohoa. "Bi Zuwena," akasema, "mzee usimuulize kitu. Mpe kitu ashike." Wiki ya pili akaleta furushi la miyaa, yale majani makavu ya kusukia mikeka, alilomwagizia mtu kwenye sanduku kutoka Unguja. Akampa kila mtoto fungu. "Kamwekeeni bibi mapajani, mkae kitako, mnyamaze. Khalas."

Katika kazi yangu yote sijapata kuambiwa neno la maana kuliko hilo, na nyinyi mnaokwenda na simu zenu kuwarekodi wazee mlishike. Zimeni simu. Mpeni bibi nazi na mbuzi ya kukunia, mpeni mchele wa kuchagua, mpeni miyaa. Mikono ikishughulika, mdomo unasahau kujilinda. Na msimwangalie usoni. Tazameni mikono yake.

Palikuwa na msichana akiitwa Thuraya, wa miaka kumi na tano hivi, mtu wa Bawshar, sauti yake nzito, mbishi. Nilimpenda kwa ubishi wake. Kwao palikuwa na nyumba kubwa, na nyuma, karibu na jiko, chumba cha bibi kizee waliyemwita Yaya Mwanakombo. Watoto wote wa nyumba ile walikua wakiambiwa kuwa alikuja na familia kutoka Unguja kumlea baba yao, na baba yao kwa ihsani akamweka mpaka uzeeni. Thuraya alipopewa miyaa hakuwa na bibi wa kumpelekea. Mama wa mama yake alikuwa Salala, na mama wa baba yake, walivyoambiwa, alikufa zamani. Akampelekea yaya.

Aliporudi klabu alikuwa na ukili, ule ukanda wa miyaa wa kushonea mkeka, umeshasukwa, mrefu kama mkono wake, na macho mekundu. Akanivuta nyuma ya pazia.

"Bi Zuwena, Yaya kaniambia kitu."

"Kakwambia nini?"

"Kasema yeye ndo alomzaa baba."

Ningependa kuwaambia kwamba nilishtuka. Sikushtuka. Nilikuwa najua. Ami Haroub alijua, mke wake alijua, nusu ya watu wazima waliokuwa wakiwaleta watoto wao pale walijua. Kila mmoja wetu alikuwa amekwenda nyumba ile kwenye harusi au hitima, akamwona Bi Mwanakombo akipitisha sinia ya halua katika nyumba ya mwanawe, akasema "ahsante yaya", akachukua kipande. Hicho ndicho kinachonipandisha damu mpaka leo. Siri ingekuwa ya mtu mmoja ningeielewa. Hii ilikuwa ya wote, na ilitulia kwa sababu ya adabu yetu.

Khabari yake ni fupi. Mume wake, Mwarabu wa mjini, alimwoa Makunduchi, akazaa naye mtoto mmoja, Nassor. Yalipotokea ya kutokea Unguja, mume akaondoka na mtoto na mke wake mwengine, yeye akabaki. Miaka ikapita, Nassor akawa mtu mzima mwenye kazi hapa Maskati, akaagiza mama yake aletwe. Hilo tumpe haki yake, alimwagiza. Lakini njia iliyokuwa nyepesi siku zile ni kumwandika kwenye makaratasi kuwa ni yaya. Neno la kupitia mlangoni tu, ndivyo alivyoambiwa. Akaingia nalo, na Nassor alikuwa kishamwoa binti wa watu wakubwa, kishawaambia wakwe kwamba mama yake ni yule mke mwengine. Basi neno likabaki ndani ya nyumba miaka ishirini.

Nilimtaka Bi Mwanakombo aje atufundishe. Thuraya akamwombea ruhusa kwa baba yake, kwamba yaya aje klabu awaoneshe watoto kusuka mikeka, na Bwana Nassor akaona ni jambo zuri, bibi kizee apate pa kutembelea. Dereva akawa anamleta. Mdogo wa umbo, mweusi, kanga mbili na buibui la zamani lililopauka, anakwenda kwa kujisukuma na ana ulimi kama wembe. Siku ya kwanza akautazama ukumbi, akatazama watoto thelathini na kanzu zao zilizopigwa pasi, akaniuliza, "Hawa wote wana mama zao au nao wana mayaya?"

Akatufundisha Mwaka Kogwa wa kwao. Wengine mmekwenda na mnaujua, wengine mmeuona kwenye picha. Pale Makunduchi mwaka ukigeuka wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba, wanawake wakiwazunguka kwa nyimbo, na nyimbo zenyewe si za kuimbiwa mkwe. Kisha hutiwa moto kibanda, na mtu yumo ndani, na atoke mwenyewe. Bi Mwanakombo alituelezea sababu. "Mwaka mzima mnabebeana mambo. Huyu kakuibia mpaka, huyu kakusengenya. Siku ile unampiga, naye anakupiga, mbele ya watu. Akikurudishia, yamekwisha, hamna tena. Akinyamaza, basi ugomvi unao na mwaka mpya unaingia nao." Thuraya akamuuliza kama wanawake nao hupiga. "Mwanamke hapigi," akasema. "Mwanamke anaimba. Lakini tukiimba sisi, afadhali bua."

Mchezo wetu tukaujenga juu ya siku hiyo, na ndani yake tukatia bibi mmoja na mwanawe. Makosa tuliyoyafanya katika matayarisho yale yangejaza kitabu chenu. Migomba hatukuwa nayo, tukaona busara kutumia makuti ya mitende, maana hapa yamejaa. Sasa kuti la mtende kule shinani lina miba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Tulikata miba, tukadhani tumemaliza. Dakika ya pili ya mazoezi vijana wawili wanatoka damu na Bi Mwanakombo kasimama katikati anafoka: "Mnataka kupatana au mnataka kuuana?" Ikabidi twende kwenye mashamba ya zamani ya Bawshar, kwenye mifereji, tukawaombe wenyewe mabua. Bua la mgomba ni laini, limejaa maji, likikupiga linafanya kishindo kikubwa na haliumizi kitu ila cheo chako. Likateni asubuhi, lifungeni gunia bichi, msiliweke karibu na kiyoyozi. Na vaeni nguo za kazi. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye kanzu nyeupe unageuka kahawia na hautoki, hata uifue kwa kitu gani. Nililipokea jeshi la kina mama wenye hasira kabla sijaligundua hilo.

Na kibanda! Moto ndani ya ukumbi haiwezekani, kwa hiyo Ami Haroub akatengeneza kibanda cha makuti chenye vitambaa vyekundu vinavyopepewa na feni kutoka chini. Moshi tulikosa, akaweka vyetezo vitatu vya udi ndani. Siku ya kuwaonesha wazazi mazoezi, moshi ukatoka vizuri sana, kijana wa ndani anapiga kelele "Naungua! Naungua!", na kina mama wa safu ya mbele wakainuka mmoja mmoja, wakakizunguka kibanda, wakaanza kujifukiza mitandio. Mmoja akaniuliza udi huu nimeununua wapi. Kijana akatoka kibandani mwenyewe, akakuta hakuna anayemsikitikia. Tangu siku ile tulichoma maganda ya nazi.

Bi Mwanakombo alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Ndivyo nnavyotaka kumkumbuka.

Siku tano kabla ya onyesho, Bwana Nassor alikuja klabu. Alikuwa mkubwa katika ofisi moja ya Qurum na alikuwamo kwenye kamati iliyotupa ukumbi. Alikuja baada ya sala ya alasiri, kanzu yake imenyooka, kilemba kimefungwa kwa mkono wa fundi, ananukia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemshinda.

"Bi Zuwena, nimesikia mchezo una bibi wa Makunduchi na mwanawe aliyemkana."

"Ni mchezo, Bwana Nassor."

"Mimi na wewe tumezaliwa mtaa mmoja. Tusidanganyane." Akavuta kiti, akakaa. "Siombi uuvunje. Watoto wacheze, nyimbo ziimbwe, wallahi nyimbo zile na mimi zinanigusa. Mtoe yule mwana tu. Na yeye, kwenye karatasi na kwenye shukrani, muite yaya. Neno moja. Watu wote wanamjua hivyo. Nna mabinti wa kuoza, Bi Zuwena."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye ananielewa."

Nilitakiwa kuinuka. Nilitakiwa kumwambia atoke. Nilichofanya ni kufikiri, na kufikiri kwangu kulikuwa woga uliovaa miwani. Nikafikiri watoto thelathini na miezi mitano ya mazoezi. Nikafikiri ukumbi. Nikafikiri kwamba watu wenye akili watafahamu wenyewe. Nikasema, "Inshallah." Yule kijana aliyekuwa acheze mwana aliyemkana mama yake nikampa kazi ya kufungua pazia, na jioni ile nikaipiga chapa karatasi ya onyesho kwa mashine yangu mwenyewe, kwa vidole vyangu.

Nikaona angalau nimwambie mwenye jambo. Nilimkuta ukumbini anasuka. Nikakaa chini, nikamweleza, nikazunguka sana kama tufanyavyo tukijua tumekosa. Hakuinua macho.

"Andika," akasema. "Nshazoea."

"Bi Mwanakombo, ni karatasi tu."

"Na ile ya mwanzo ilikuwa karatasi tu."

Thuraya alipoiona ile karatasi hakulia. Alinijia akaisoma mbele yangu kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. "Bi Zuwena, si wewe ulotwambia tuwaingize mabibi kwenye daftari?" Nikamwambia mambo ya wakubwa ana siku atayafahamu. Mtoto wa miaka kumi na tano! Alikuwa ameshayafahamu, ndiyo maana aliuliza. Kama kuna sentensi mwalimu apigwe marufuku kuisema, ni ile.

Onyesho lilikuwa alasiri ya Ijumaa. Ukumbi ulijaa, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na Bwana Nassor safu ya mbele na wakwe zake. Nikashika kipaza sauti. Sauti yangu ilikuwa nzuri enzi zile, ya kufika nyuma bila kupiga ukelele. Nikawakaribisha, nikaishukuru kamati, kisha nikasema: "Na shukrani za dhati kwa Bi Mwanakombo, yaya wa familia ya Bwana Nassor, aliyetufundisha nyimbo hizi." Watu wakapiga makofi. Yeye alikuwa amekaa jukwaani kwenye mkeka pamoja na wasichana, anasuka ukili. Makofi hakuyajibu.

Mchezo ulikwenda uzuri. Wavulana wakaingia na mabua, wakatandikana, maji yanaruka, wazee wanacheka na kuitana. Wasichana wakaimba. Na katikati ya wimbo nikamwona Bi Mwanakombo anaweka ukili chini, anajiinua kwa mkono mmoja. Haikuwamo kwenye mchezo. Akamwendea kijana wa karibu, akalichukua bua mkononi mwake. Akashuka ngazi mbili za jukwaa, kwa kujisukuma vile vile, akaenda moja kwa moja safu ya mbele, akasimama mbele ya Bwana Nassor. Wasichana wakaacha kuimba mmoja mmoja.

Akampiga. Begani, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na kishindo kikajaa ukumbi. Utomvu ukachuruzika kwenye kanzu nyeupe mpaka kifuani.

"Mwanamke hapigi," akasema, na ukumbi mzima ulisikia. "Leo napiga."

Akageuza bua, akamnyooshea ncha ya kushikia. Akasimama anangoja.

Si wote waliojua maana yake, lakini watoto thelathini walijua. Walikuwa wamefundishwa. Nao walisimama pale jukwaani wanamtazama Bwana Nassor, na Thuraya akasema kwa ile sauti yake nzito, "Baba, mrudishie." Mkono wake uliinuka, hilo nililiona kwa macho yangu. Uliinuka ukafika nusu. Kisha mkwe wake akamnong'oneza kitu sikioni, na mkono ukashuka, ukapangusa kanzu. Akainuka. Akasema, kwa Kiarabu, kwamba bibi huyu mgonjwa, uzee umemzidi, na akatoka. Wakwe wakamfuata.

Nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nyinyi mnaopenda kuniuliza kitu cha kujutia katika kazi, hicho hapo. Kilikuwa mkononi mwangu, kinafanya kazi, na sentensi ilikuwa fupi: huyu ni mama yake. Nikasema, "Tutakuwa na mapumziko mafupi."

Bi Mwanakombo alibaki amesimama na bua lake mpaka Ami Haroub akaja akamletea kiti. "Hakurudisha," bibi akamwambia. Hakusema kwa kulalama. Alisema kama mtu anayetoa ripoti.

Mwaka uliofuata haukumkuta. Alifariki kwenye kile chumba cha nyuma. Matanga yaliwekwa nyumbani kule Bawshar, ya siku moja badala ya tatu, kwa sababu aliyekufa ni yaya. Wanawake tulikaa ukumbini tunanong'ona, tunampa mke wa Nassor pole ya kufiwa na mtumishi. Ndipo Thuraya akasimama na msahafu mkononi, akasema, "Alokufa ni bibi yangu, mama yake baba. Anayetaka kunipa mkono wa tanzia anipe kwa bibi, na asotaka anywe kahawa yake aende." Nikainuka, nikampa mkono. Wa kwanza nilikuwa mimi, na sijisifu, maana nilikuwa nimechelewa karibu mwaka mzima. Baada yangu wakainuka wengine wanane au tisa. Waliobaki wakanywa kahawa.

Kulikuwa na mzazi mmoja aliyelipiga onyesho lile picha za video, na kanda akaniachia. Niliiweka kabatini miaka mingi. Kisha nikastaafu, Ami Haroub naye akatangulia, na alasiri moja nasikia kengele ya mlangoni. Bwana Nassor, peke yake, na mkwaju wa kutembelea. Kilemba kimefungwa kombo, kilemba cha mtu asiyefungiwa na mtu.

"Bi Zuwena, nimesikia unayo kanda."

"Kanda nnazo nyingi. Unataka ya nani?"

"Ile ya klabu."

"Mna watu wengi mle. Unamtaka nani?"

Akatazama viatu vyake. Nilikuwa na ufunguo wa geti mkononi na sikuutia. Ndiyo, nilifurahi. Nilikuwa nimeingojea siku ile.

"Namtaka mama."

"Mama yupi?"

"Mamangu. Mwanakombo." Akalirudia jina. "Sina picha yake hata moja, Bi Zuwena. Hata moja."

Nikamfungulia. Nikamweka kitako, nikatia kanda kwenye mashine. Kahawa sikumpa. Picha ikaja, inatetemeka, jukwaa, watoto, yule kizee kwenye mkeka wake. Bwana Nassor akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa televisheni. Na hapo ikatoka sauti yangu, nzuri, ya kufika nyuma: yaya wa familia ya Bwana Nassor.

"Simamisha," akasema. Nikasimamisha. "Hapo penye sauti yako. Haiwezekani kupafuta?"

Nikawaka. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyaweka miaka ile. Kwamba neno ni lake. Kwamba alikuja klabu ananukia udi akaliomba. Kwamba alimwacha mama yake amesimama na bua mkononi mbele ya watu mia mbili. Kwamba kanzu aliipangusa lakini mama hakumgusa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ile kanzu nnayo mpaka leo," akasema. "Doa halijatoka. Na yote ulosema ni kweli, na ntayajibu kwa Mola wangu. Lakini mimi niliomba tu, Bi Zuwena. Alosema ni wewe."

Nilifungua mdomo. Kizee mimi, mwalimu, niliyewafundisha watu kusema, nikakosa la kurudisha. Nikampa kanda, akaondoka nayo kaishika kwa mikono miwili.

Sijamsamehe. Watu wananiambia nimsamehe, mtu kazeeka, kajuta, kalia. Najua kalia, nilikuwapo. Lakini Thuraya leo ana watoto wake, nao wanamwita Bi Mwanakombo "bibi mzaa babu", na wanajua Makunduchi iko upande gani wa kisiwa, na hayo hakuyafanya Nassor, wala sikuyafanya mimi. Aliyafanya msichana aliyebebwa na ubishi wake wakati watu wazima wawili wakilindana. Kwa hiyo msiniwekee picha yangu kubwa ukurasa wa kwanza. Muwekeeni yeye, na ukili wake.

Na mtaletewa ombi kama nililoletewa. Litaletwa na mtu mpole, tena mtu mnayemjua, na litakuwa neno moja tu, kwenye karatasi tu.

Sasa kazi. Ule mstari wa mwisho ufuteni. Andikeni: Bi Mwanakombo wa Makunduchi, mama yake Nassor, bibi yake Thuraya, mwalimu wetu. Na chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, andikeni kwamba neno lililokuwapo mwanzo liliandikwa na Zuwena, na Zuwena alikuwa anajua.